Mate Yako Si Yako Peke Yako

Kuna watoto wa Nanyuki waliokua wakiulizwa swali moja kila mahali. Shuleni, sokoni, kwa matatu. Baba yako ni nani? Ngozi yao na nywele zao zilikuwa zimeshajibu nusu ya hilo swali. Nusu iliyobaki alikuwa nayo mama: mwanajeshi wa Uingereza, alikuja kambini kwa mazoezi, muda wake ukaisha, akarudi kwao. Jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi nchini tangu miaka ya 60, kwa hivyo hii si stori ya jana.

Jibu ndilo la juzi. Kuanzia 2024, wakili na wataalamu wa jeni kutoka Uingereza walikuja kuchukua sampuli za DNA Nanyuki. Halafu wakazilinganisha na data iliyo kwenye tovuti za biashara, zile ambazo mtu analipa, anatema mate kwenye kichupa, anatuma kwa posta, na baada ya wiki kadhaa anaambiwa mababu zake walitoka wapi na ndugu zake wa damu ni kina nani. Humo ndani wakapata jamaa. Kutoka kwa jamaa hao wakachora mti wa familia, wakashuka nao tawi kwa tawi hadi kwa mwanamume aliyekuwa jeshini. Mahakama Kuu mjini London imethibitisha ubaba wa kadhaa kati yao. Mtu aliyeishi miaka yote bila jina la baba sasa analo kwenye karatasi yenye muhuri wa korti, na kwa karatasi hiyo anaweza kudai matunzo au hata uraia.

Sasa tulia kidogo umfikirie yule jamaa aliyekuwa kwenye tovuti. Tuseme ni shangazi fulani kwenye mji mdogo Uingereza. Hajawahi kusikia Nanyuki. Alipewa kisanduku cha kupima kama zawadi ya Krismasi, akatema mate kwa sababu alitaka kujua kama ana damu ya Ireland. Mate yake yakamfichua kaka yake.

Mimi hiyo stori nimeifurahia, sitaficha. Mtoto ana haki ya kujua alikotoka. Lakini chombo kilichofungua huo mlango hakijui nani mwema na nani mbaya. Hakiulizi anayetafuta anatafuta kwa nini. Na kama kilimpata askari wa Uingereza kupitia shangazi yake, kinaweza kukupata wewe kupitia binamu yako aliye Texas, hata kama hujawahi kutema mate popote maisha yako yote.

Ukitema mate kwenye kile kichupa, hutemi yako peke yako. Unatema ya ukoo mzima: walio hai, waliokufa na ambao hawajazaliwa. Na historia ya teknolojia hii, ambayo ina miaka 40 tu, inaonyesha kitu kimoja tena na tena: orodha ya damu iliyoandikwa kwa kazi moja huwa haibaki kwa kazi hiyo moja.

Hesabu kwanza

Nusu ya DNA yako imetoka kwa mama, nusu kwa baba. Wewe na ndugu yako wa baba mmoja mama mmoja mnashiriki karibu nusu. Binamu wa kwanza, karibu asilimia 12.5. Binamu wa tatu, yaani watu ambao babu wa babu yao ni mmoja, chini ya asilimia 1. Inaonekana kidogo, si ndiyo? Kwa kompyuta ni nyingi. Vipimo hivi vya nyumbani husoma nafasi laki kadhaa kwenye DNA yako, na asilimia moja ya hizo inatosha kusema nyinyi wawili ni ndugu na undugu wenu uko umbali gani.

Hebu hesabu binamu zako wa tatu. Huwezi. Hata shosho hawezi kuwamaliza. Lakini mmoja wao akipimwa, tayari uzi umefungwa mguuni mwako. Oktoba 2018, watafiti wakiongozwa na Yaniv Erlich walichapisha hesabu hiyo kwenye jarida la Science. Walitumia data ya watu zaidi ya milioni moja, wakaona kwamba ukimchukua Mmarekani yeyote mwenye asili ya Ulaya, kuna nafasi ya karibu asilimia 60 kwamba utapata binamu yake wa tatu, au jamaa wa karibu zaidi, ndani ya hiyo data. Yeye mwenyewe si lazima awe amepimwa.

Sisi huku bado hatujafika hapo, manake Waafrika walio kwenye hizo data ni wachache. Ndiyo maana pia yale majibu ya asilimia, hii ya kabila fulani, ile ya nchi fulani, yanakuwa hafifu kwetu. Kampuni inakulinganisha na watu ilio nao. Kama haina watu wa kwenu, itakupa jirani. Ikiongeza watu mwaka ujao, asilimia zako zinabadilika, na wewe hujabadilika chochote. Kumbuka pia ukirudi vizazi 10 nyuma una mababu 1,024. Kipimo cha DNA ya upande wa mama pekee kinafuata mwanamke mmoja kati ya hao wote. Sema kina ukweli, lakini usiseme kimekuambia wewe ni nani.

Ilianza na mtoto aliyezuiwa uwanja wa ndege

Watu wengi wanadhani DNA ilianza na mambo ya polisi. Hapana. Septemba 1984, mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kusoma alama za DNA zinazomtofautisha mtu na mwingine. Kazi ya kwanza ya ugunduzi huo kwenye kesi, 1985, ilihusu familia ya Kiafrika. Kijana wa miaka 13 alikuwa anarudi London kwa mama yake kutoka Ghana. Maafisa wa uhamiaji wakasema pasipoti si yake na kwamba huenda yule mama si mama yake. Jeffreys akapima damu ya mama, ya kijana na ya ndugu zake. Alikuwa mwanawe kweli. Serikali ikaachana na kesi.

Naipenda hii sehemu ya historia kwa sababu inaonyesha teknolojia ikiwa upande wa mnyonge. Mama mhamiaji, serikali haimwamini, damu ikamtetea. Muda mfupi baadaye, DNA hiyo hiyo ilimtoa jela kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakufanya, halafu ikasaidia kumnasa muuaji halisi.

Argentina walienda mbali zaidi. Wakati wa utawala wa kijeshi, 1976 hadi 1983, wapinzani walitekwa na watoto wao wakapewa familia nyingine, baadhi yao za wanajeshi wenyewe. Nyanya zao wakaanza kuandamana kwenye uwanja wa Plaza de Mayo, mji mkuu Buenos Aires. Wazazi wa wale watoto walikuwa wameuawa, kwa hivyo swali likawa: unaweza kuthibitisha mjukuu kwa damu ya nyanya? Mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, akasaidia kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1987 nchi ikatunga sheria ya kuanzisha benki ya taifa ya data ya jeni kwa kazi hiyo. Hadi leo wajukuu zaidi ya 130 wamepatikana, wengine wakiwa watu wazima wenye watoto wao.

Shika hiyo benki ya Argentina akilini. Imeanzishwa kwa sheria, kazi yake inajulikana, na waliotoa damu walijua wanaitoa ili kumtafuta nani. Tutairudia.

Walioibiwa majina

Kuna watu ambao DNA kwao si mchezo wa Krismasi hata kidogo. Mmarekani mweusi akitaka kurudi nyuma kwenye ukoo wake, anagonga ukuta mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya Marekani iliyoandika kwa majina watu waliokuwa wametoka utumwani. Kwenye sensa za 1850 na 1860, mtumwa aliandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye kummiliki. Jina lake mwenyewe halikuwekwa. Fikiria unatafuta mama wa shosho wako na unachopata ni "mwanamke, miaka 30, mweusi".

Mwaka 2023 watafiti walichapisha kazi moja nzito kuhusu hilo. Kwenye makaburi ya Catoctin Furnace, jimbo la Maryland, walizikwa Waafrika, watumwa na waliokuwa huru, waliofanya kazi kwenye kiwanda cha chuma kati ya miaka ya 1770 na 1850. Watafiti walisoma DNA ya watu 27 kutoka hapo, wakailinganisha na ya wateja wa kampuni ya 23andMe waliokubali kushiriki utafiti. Wakapata jamaa 41,799 walio hai, wa karibu na wa mbali. Baadhi ya marehemu walikuwa na uhusiano na Wawolof wa Afrika Magharibi na Wakongo. Watu waliozikwa bila majina wakapata ukoo tena.

Na si Marekani tu. Mwaka huo huo, jarida la Nature lilichapisha DNA ya watu 80 waliozikwa zamani pwani yetu na maeneo ya karibu, Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko, kazi iliyomhusisha mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba. Kwa miaka mingi, wazee wa Pwani wakisema babu zao walitoka Shirazi, wasomi wengine waliona ni hadithi za kujipandisha cheo. Wengine nao, hasa wakati wa ukoloni, walidai miji ile ilijengwa na wageni watupu. DNA ikawasahihisha wote: kina mama karibu wote walikuwa Waafrika, na kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Uajemi walioa humo. Stori ya wazee ilikuwa na ukweli wake, na mji ulikuwa wa Waafrika.

Kwa hivyo nikianza kulalamika hapa chini, usiseme naogopa sayansi. Faida nimeziona.

Mlango uliofunguliwa haufungwi kirahisi

GEDmatch ilianzishwa 2010 na watu wawili waliopenda kutafuta koo zao. Ilikuwa ya bure. Unapakia matokeo yako kutoka kampuni yoyote, unatafuta ndugu. Hakuna aliyefikiria polisi.

Aprili 2018, polisi wa California walimkamata mzee wa miaka 72, Joseph DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi. Alikuwa ameua watu 13 na kubaka wanawake wengi miaka ya 70 na 80. Alitafutwa zaidi ya miaka 40. Wachunguzi waliweka DNA ya muuaji kwenye GEDmatch kama mtu wa kawaida anayetafuta ndugu, wakapata jamaa wa mbali, wakachora mti, wakamfikia. Alikiri 2020, akafungwa maisha. Hakuna aliyemlilia, hata mimi sikumlilia.

Lakini angalia kilichofuata. Baada ya hapo GEDmatch ilisema polisi wanaweza kuitumia kwa kesi za mauaji na ubakaji tu. Mwezi Mei 2019 ikajulikana kwamba walikuwa wamewaruhusu polisi wa jimbo la Utah kuitumia kwa kesi ya shambulio, ambayo haikuwa mauaji wala ubakaji. Kesi ilikuwa mbaya, mzee alikabwa kanisani, sibishi. Ila ahadi ilikuwa imevunjwa kwa waliopakia data wakiamini maneno yaliyoandikwa. Watu wakapiga kelele, sheria za tovuti zikabadilishwa, polisi wakafungiwa isipokuwa kwa wateja waliokubali. Miezi michache baadaye, Desemba 2019, tovuti yenyewe ikauzwa kwa kampuni inayotengeneza vifaa vya uchunguzi wa jinai. Miaka tisa, kutoka mchezo wa watu wawili hadi mikononi mwa biashara ya polisi. Waliotema mate 2011 hawakuwa wamekubali hata moja ya hizo hatua.

Kampuni ikifilisika, damu inaenda wapi?

23andMe ilianzishwa 2006. Mwaka 2018 kampuni ya dawa ya GSK iliweka humo dola milioni 300 ili itumie data ya wateja waliokubali utafiti kutafuta dawa mpya. Yaani mteja alilipa ili apimwe, halafu data yake ikawa mali ya kuingiza pesa tena. Mwaka 2021 kampuni iliingia soko la hisa ikathaminiwa mabilioni ya dola.

Oktoba 2023 wadukuzi wakaingia. Hawakuvunja chochote. Walichukua paswadi zilizokuwa zimevuja kutoka tovuti nyingine, wakazijaribu, zikafungua akaunti kama 14,000. Akaunti 14,000 ni kidogo kwa kampuni ya mamilioni ya wateja. Lakini kila akaunti ilikuwa imeunganishwa na ndugu. Kupitia ndugu hao wakapata taarifa za watu karibu milioni 6.9. Hao wengi walikuwa na paswadi nzuri kabisa. Binamu ndiye aliyetumia ile ile ya kila mahali.

Kilichonitisha zaidi ni kilichouzwa. Wadukuzi walitangaza mtandaoni orodha za watu wenye asili ya Kiyahudi na wenye asili ya Kichina. Orodha ya watu kwa damu yao. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa hiyo inaweza kwenda wapi. Rwanda, Wabelgiji waliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye kitambulisho miaka ya 30, kwa kazi ya ofisi tu. Mwaka 1994 kitambulisho hicho hicho kilikuwa kinasomwa kwenye vizuizi vya barabara kuamua nani aishi.

Machi 2025, 23andMe ikaomba ulinzi wa korti kwa kufilisika. Watu zaidi ya milioni 15 wakagundua DNA yao iko kwenye mnada kama viti vya ofisi. Kampuni ya dawa ikatoa dola milioni 256. Mwishowe ikaenda kwa shirika lisilo la faida linaloongozwa na mwanzilishi wake mwenyewe, Anne Wojcicki, kwa dola milioni 305. Wengine walishusha pumzi. Lakini kumbuka ni mnada ulioamua. Na kumbuka wale jamaa 41,799 wa Catoctin: undugu wao ulikuwa ndani ya hiyo mali iliyopigwa mnada.

Paswadi ikivuja unabadilisha. Kadi ya benki ikiibwa unapewa nyingine. DNA ikivuja, imevuja na ya mtoto utakayezaa 2040.

Kenya tunajua hii stori

Si mara ya kwanza mwili wa Mkenya kufanywa rejista. Sheria ya kipande ilitungwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye alama zake za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kijisanduku cha chuma shingoni. Ilisemwa ni kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kumzuia asitoroke shamba la mzungu. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande waziwazi tangu 1921.

Songa mbele hadi 2018. Bunge lilibadilisha Sheria ya Usajili wa Watu, na kwenye mfumo ulioleta Huduma Namba ikaruhusiwa kuchukua DNA. Wengi wetu hatukujua, tulikuwa tunabishania foleni. Shirika la Nubian Rights Forum na watetezi wengine wa haki wakaenda kortini. Wanubi wamehangaika vizazi kadhaa kutafuta vitambulisho ndani ya nchi yao, kwa hivyo wanajua rejista inaweza kumfanyia mtu nini. Tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba kukusanya DNA na alama za mahali mtu anapoishi ni kuingilia faragha kupita kiasi, kinyume na Kifungu cha 31 cha Katiba.

Miezi miwili kabla ya hapo tulikuwa tumepata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inataja data ya jeni kama data nyeti. Safi. Lakini sheria hiyo, kama za kwingine, inaomba idhini ya mtu mmoja. Mwenye mate. Haijui kitu kinachoitwa ukoo. Na binamu wa Texas akitema mate huko, yuko chini ya sheria za Marekani, ambazo tangu 2008 zinakataza bima ya afya na mwajiri kumbagua mtu kwa jeni zake, lakini haziigusi bima ya maisha.

Na tusijidanganye kwamba sisi ni wagumu. 2023 tulipanga foleni KICC tukapigwa picha za macho na Worldcoin kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Njaa ilikuwa ya kweli, simcheki mtu. Nasema tu siku mtu akija na vichupa na doo kidogo, foleni itakuwepo.

Shosho hajaulizwa

Kuna faragha nyingine ambayo korti haiwezi kuilinda. Kuna shosho waliopita kwenye Hali ya Hatari, kwenye vile vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba kuanzia 1954. Yaliyofanyiwa wanawake huko yanajulikana. Uingereza yenyewe ilikubali 2013 kwamba Wakenya waliteswa, ikalipa fidia kwa zaidi ya watu 5,000. Wengine hawakudai chochote. Walirudi, wakaolewa, wakalea, wakanyamaza. Kama kuna mtoto aliyezaliwa na kimya hicho, ni yeye shosho anayepaswa kuamua kama kitavunjwa, na lini. Si arifa ya simu ya mjukuu saa nne usiku: "Umepata jamaa mpya."

Hapo ndipo ninaposimama. Watoto wa Nanyuki walikuwa na haki ya kuuliza. Shosho ana haki ya kunyamaza. Chombo ni kile kile. Tofauti inaletwa na sheria, madhumuni na kuulizana, kama ile benki ya Argentina. Kinachokosekana kwa hizi kampuni si sayansi. Ni mtu wa kuwauliza waliobaki nyumbani.

Kwa hivyo kama wewe au mtu wenu ughaibuni mnafikiria kupima, fanyeni hivi. Ongeeni kwanza kwenye familia, si kupeana taarifa baadaye. Mkubaliane nini kifanyike likitokea jambo ambalo hamkulitarajia. Anayepima atumie paswadi ambayo haitumii kwingine, azime sehemu ya kutafuta jamaa kama hana haja nayo, asome kampuni itafanya nini na sampuli, na akishamaliza aombe kila kitu kifutwe. Anayechora mti wa ukoo mtandaoni aache nje walio hai. Jina la ukoo la mama yako na tarehe yako ya kuzaliwa ndizo benki inazokuuliza kwa simu. Usizibandike pale kila tapeli anapopita.

Na kabla ya kulipia kichupa, kuna rekodi ambayo haihitaji maabara. Wikendi hii ukienda ushago, keti na shosho au guka, washa simu, muombe ruhusa ya kurekodi. Muulize baba yake aliitwa nani, mama yake alitoka wapi, kwa nini wewe ukapewa jina hilo ulilo nalo. Akifika mahali akasema hapo tuache, acha hapo.